Mwalimu Manase Akyoo, Aliyemzika Fundi Lomayani

Wakubwa wetu, shikamooni. Majirani na ndugu mliotoka mbali, poleni kwa safari na poleni kwa msiba, maana aliyelala hapa hakuwa wa familia yake peke yake. Mnaona wenyewe kwamba hapa mbele hakuna mchungaji. Wanakwaya wamekaa kama wageni wengine, bila majoho yao, na kengele ya kanisa haikulia asubuhi. Familia haitaki mrudi majumbani mkiulizana njiani. Sababu itasemwa ndani ya wasifu huu, mahali pake pakifika. Anayeusoma ni Hanna, binti wa kwanza wa marehemu, na ndiye aliyeuandika, kwa kuwa kila aliyeombwa kuuandika alikumbuka ghafla kwamba ana kazi nyingine.

Manase Elihuruma Akyoo alizaliwa tarehe 14 Septemba 1946 katika hospitali ya Nkoaranga, akiwa mtoto wa nne wa mzee Elihuruma Akyoo na mama Aikaeli, wakulima wa kahawa na ndizi wa hapa hapa Nkirani. Alichelewa kusema, hadi shangazi zake wakaanza kumwonea huruma. Alipoanza, alianza na maswali, na hakupumzika tena. Akiwa na umri wa miaka saba alimuuliza mwinjilisti, katikati ya mafundisho ya Jumapili, babu zetu waliokufa kabla wamisionari hawajafika wako wapi sasa. Mwinjilisti akamtoa nje akasimame juani mpaka ibada iishe. Mama yake alipomkuta pale alimuuliza kafanya nini, naye akajibu kwamba ameuliza habari za babu.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari ya Ilboru, kisha ualimu Monduli, na mwaka 1972 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 1975. Miaka ile wanafunzi walibishana usiku na mchana kuhusu matabaka na umma. Manase alibishana nao, tena kwa sauti kubwa, lakini alikuwa na jambo moja lililowachosha wenzake. Wakishapanga mambo yote ya umma, yeye alinyoosha mkono na kuuliza, "Na mtu mmoja, je?" Walimpa jina la utani la Mtu Mmoja. Miaka mingi baadaye alieleza katika makala zake alichokuwa akikitafuta: kwamba kundi lina haki zake, lakini kundi halilii, anayelia ni mtu, na anayetaka kuandika habari za watu sharti akae karibu na huyo anayelia. Wataalamu wa fasihi waliyaita hayo falsafa ya utu. Yeye alisema ni adabu tu, aliyofundishwa na mama yake jikoni.

Alifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Arusha tangu mwaka 1976 hadi alipostaafu mwaka 2006. Waliosoma kwake wako hapa wengi, na bado wanaogopa kuandika sentensi ndefu. Aliandika riwaya mbili, *Kaburi la Fundi* na *Wageni wa Mama Mkwe*, pamoja na kitabu cha makala kiitwacho *Utu Hauombi Ruhusa*. Vitabu hivyo vilisomwa mpaka Nairobi na Kampala. Riwaya ya pili ilikwama kwa mchapishaji muda mrefu, kwa sababu mhariri alitaka mwizi wa ng'ombe afe mwishoni ili wasomaji wapate funzo. Manase alikataa katakata. Alisema yeye hajawahi kumuua mtu ili mwingine apate funzo, na hataanza na mtu wa karatasi.

Mama yake, bibi Aikaeli, hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Kwa hiyo kila sura ilipokamilika, Manase aliketi naye kwenye mafiga na kumsimulia kwa Kimeru, bakuli la loshoro, mahindi ya kupikwa kwa maziwa ya mgando, mkononi. Bibi alibishana na wahusika kama majirani zake. "Huyo mwanamke hawezi kumjibu mkwewe hivyo," alisema. "Mrudishe, amjibu vizuri." Na mara nyingine Manase alirudi mezani na kumrudisha.

Tarehe 8 Januari 1972 alifunga ndoa na Esther, dada yake Yoeli Mbise, ambaye wengi wenu mlimfahamu kama Mama Hanna. Esther aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika huu tangu usichana wake, na aliyekuwa akipita barabarani Jumapili aliijua sauti yake kabla hajaliona kanisa. Mungu aliwajalia watoto watatu. Waligombana kuhusu mambo madogo tu, kama vile nani kaacha taa ikiwaka. Kuhusu jambo kubwa hawakugombana. Walilibeba, kila mmoja upande wake, na lilikuwa zito.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa Agosti 1983 fundi Lomayani, rafiki wa Manase tangu ujana, alijinyonga katika karakana yake. Lomayani alikuwa mtu wa upande wa Ngaramtoni, akahamia huku, akabatizwa, akaoa, na mabenchi yote yaliyomo kanisani hadi leo aliyatengeneza yeye. Hakuna aliyejua kwa nini alifanya vile, na Manase aliwakataza watu kubahatisha mbele yake. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa kwamba mtu aliyejitoa uhai hazikwi na mchungaji, haimbiwi, na kengele haipigwi. Wazee wa kanisa walisema azikwe na ndugu zake kimya kimya. Ndugu zake nao walisema, kama kanisa limemkataa, wao ni nani wa kumgusa. Mwili ukakaa, mjane wake akiwa ameketi mlangoni na mtoto mgongoni, na watu wakipita wakitazama chini.

Mwishowe Manase alikwenda kuchimba kaburi. Akachimba, akamshusha rafiki yake pamoja na majirani wachache wenye moyo, akasoma wasifu wake, akaomba, akasema maneno ya udongo kwa udongo, maneno ambayo kwetu husemwa na mchungaji peke yake. Hakuvaa kola wala hakujifanya mtumishi. Lakini alisema.

Baraza la wazee lilimweka nje ya kundi. Si kwa chuki, na familia inataka jambo hili lieleweke, kwa maana wale wazee walikuwa marafiki zake, na baadhi yao walilia siku ile. Adhabu ilikuwa kwamba asishiriki Chakula cha Bwana mpaka atakapokuja mbele ya usharika, akiri kwamba alikosa, na kurudishwa kundini. Mnaufahamu utaratibu huo. Mtu husimama, huulizwa swali, hujibu ndiyo, huombewa, na nyumbani huchinjwa mbuzi. Robo saa tu.

Manase hakuweza kusema ile ndiyo. Alisema akikubali kwamba kumzika Lomayani ni kosa, basi amekubali kwamba Lomayani alistahili kutupwa. Na kuhama hakuweza pia. Makanisa ya mjini yalimwita, tena kwa heshima kubwa, kwa sababu jina lake lilikuwa limeshatoka. Aliwajibu kwamba hapa ndipo alipobatizwa, na akihama atakuwa amekiri kwamba hapa si kwake. Hivyo akabaki hapo katikati, mlango mmoja hauingiliki na mwingine hautokeki. Kila Jumapili alimsindikiza mkewe hadi kanisani, kisha yeye akaketi nje, juu ya jiwe lililo chini ya dirisha la upande wa kwaya. Waliotengwa walikuwa na benchi lao nyuma, ndani. Alilikataa. Alisema hawezi kukalia kazi ya mikono ya Lomayani mahali ambapo Lomayani mwenyewe alikataliwa. Mvua ikinyesha alifungua mwavuli.

Watu wa vyuo vikuu walikuja kumhoji kuhusu utu, na wakaandika kwamba Manase Akyoo alikuwa mmoja wa watu huru sana katika fasihi yetu. Mama Hanna aliposomewa hayo alicheka mpaka akaweka sufuria chini. "Huru? Huyu? Mwambieni basi aingie kanisani au aache kuja. Huyu mtu amefungwa kwenye jiwe kama mbuzi."

Kifungo chake hakikuwa chake peke yake. Mtoto wa tatu, Bariki, alizaliwa mwaka 1984, na ubatizo wake ukaahirishwa mpaka baba atakaporudi kundini. Mama yake alingoja, akachoka kungoja, akampeleka kwa kaka yake Yoeli, akabatizwa huko kwa jina la mjomba. Ndiyo maana Bariki kwa mujibu wa kanisa ana baba wawili, jambo analolitania sana akiwa na watu, na asilolitania kabisa akiwa peke yake na dada yake.

Mwaka 2015 Mama Hanna aligundulika kuwa na saratani. Alipoona kwamba safari imekaribia, alimwomba mumewe jambo moja. Hakumwomba aache mawazo yake. Alimwomba washiriki Chakula cha Bwana pamoja, mara moja, kabla hajaondoka. Manase alitembea shambani siku kadhaa, kisha akampelekea habari mchungaji kwamba atakuja.

Ilikuwa Jumapili ya tarehe 6 Machi 2016. Kanisa lilijaa mpaka watu wakakalia ngazi. Mama Hanna aliketi mbele kabisa, amefungwa shuka mbili za Kimaasai kwa ajili ya baridi. Mchungaji alifungua kitabu akauliza kama inavyoulizwa: je, anakiri kwamba alikosa?

"Nakiri," alisema Manase. Watu wakashusha pumzi. Mama Hanna akafumba macho.

"Lomayani alilala siku mbili kabla sijashika jembe," akaendelea. "Niliwaogopa wazee. Niliogopa nitasemwa. Siku mbili mke wake alikuwa mlangoni, na mimi nilikuwa ndani nikijifanya nasahihisha madaftari. Hilo ndilo kosa langu. Nalitubu mbele ya Mungu na mbele yenu."

Mchungaji, kwa upole, alirudia swali, akitaja maziko yenyewe. Manase alirudia jibu lake lile lile. Swali likaulizwa mara ya tatu, sasa kwa sauti ya kuomba. Manase alimtazama mkewe, akamtazama mchungaji, akatikisa kichwa. Kitabu kikafungwa.

Walirudi kwa gari mpaka kwenye kona ya kisima. "Baba Hanna," Esther alisema, "ningekuwa mjane wa Lomayani leo ningekupigia magoti. Lakini mimi ni mke wako."

Alifariki tarehe 2 Mei mwaka huo huo, akazikwa kwa heshima zote, kengele na kwaya. Manase alimtupia udongo kama mume. Meza ile hawakuishiriki pamoja, na tangu siku ile hakuandika tena kitabu. Alipoulizwa sababu alisema ameandika sana juu ya mtu anayelia, na hakumsikia aliyekuwa analia nyumbani kwake. Alisema pia kwamba angeulizwa tena swali lile, angejibu vile vile. Hapo ndipo alipokaa miaka yake iliyobaki, baina ya maneno hayo mawili.

Mwezi wa Februari 2023 alipata kiharusi kilichomnyang'anya mkono wa kulia na mguu. Hanna alimchukua kwake Njiro, mjini Arusha, ili awe karibu na matibabu. Nyumba ni nzuri, ila kama nyumba nyingi za kule ina ukuta mrefu na geti la chuma, na mzee aliyezoea kuona kila apitaye njiani alijikuta anatazama tofali. "Hawa watu mnaishi nao vipi bila kuwaona?" aliuliza. Alitaka geti liachwe wazi mchana. Baba Rachel, mume wa Hanna, aliogopa wezi. Wakakubaliana liachwe wazi kuanzia saa nne mpaka chai ya jioni, na mzee aketi hapo kwenye kiti chake. Baada ya muda mfupi alikuwa anajua habari za mtaa mzima, kuliko wenye mtaa.

Aliyekuja kumwona mara nyingi kuliko wote ni mzee Sifaeli, rafiki yake wa utotoni, ambaye sasa ni mwenyekiti wa baraza la wazee. Alikuja na ndizi na alikuja na ombi lile lile.

"Manase, tunakufa sisi. Sema neno moja. Hata ukininong'oneza mimi hapa, nitalipeleka."

"Nikilisema, Sifaeli, Lomayani atakwenda wapi?"

"Lomayani alishakwenda!"

"Basi mbona bado mnaniuliza habari zake?"

Mzee Sifaeli alikuwa akilia, kisha wakanywa chai. Yeye naye alikuwa amefungwa, kwa upande wake. Mchungaji wa sasa pia. Ni kijana mpole, na amesema wazi kwamba leo jambo kama la Lomayani lingeshughulikiwa vingine. Lakini uamuzi ulitolewa kabla yeye hajazaliwa, na hawezi kuuondoa bila mwenyewe kuja.

Mwalimu Manase alifariki Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa tisa alasiri, nyumbani Njiro. Hanna alikuwa peke yake naye. Asubuhi alikuwa amekunywa uji kidogo. Mchana alimshika bintiye kwa ule mkono mzima na kusema, "Nisamehe, mwanangu. Nimekuachia mzigo." Baada ya hapo alisema tu kwamba geti lifunguliwe, kuna mtu. Hanna alitoka akafungua, hakuona mtu, akaliacha wazi. Aliporudi, baba yake alikuwa ameshatulia.

Mzee Sifaeli alifika siku iliyofuata, akamwita Hanna pembeni. "Mwanangu, ulikuwa naye. Hakusema lolote la kutubu? Mgonjwa husema mengi."

"Alisema nisamehe."

Mzee Sifaeli alisogea karibu. "Hilo latosha. Wewe ni mzee wa kanisa kule mjini, neno lako litapokelewa. Nikalipeleke sasa hivi, na kengele itapigwa."

"Hakumwambia Mungu, mzee wangu. Aliniambia mimi."

"Nani ajuaye alimwambia nani?"

"Mimi najua."

"Hanna." Mzee alimshika mkono. "Asipozikwa na mchungaji, atazikwa na nani? Na atakayesema maneno yale kaburini, baraza litamhesabu kama lilivyomhesabu yeye. Siwezi kulizuia. Naomba usinipe kazi hiyo. Nilimfanyia baba yako, usinifanye nikufanyie na wewe."

Familia ilikaa. Nelson, mtoto wa pili, alisema, "Dada, sema tu. Baba hayupo, watakaoumia ni sisi. Tumeumia ya kutosha." Rachel, binti yake Hanna, anaolewa tarehe 13 Desemba, na mama aliyetengwa hasimami na mwanawe madhabahuni. Rachel hakumficha mama yake. "Mama, mimi naitaka harusi yangu, na nakutaka wewe pale. Sitakudanganya." Ana haki. Lemburis, mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mjane wa Lomayani, alijitolea kuongoza maziko yeye, kwa kuwa yeye si msharika na hana cha kupoteza. Hanna alimshukuru, akakataa. Alisema Manase akizikwa na asiye na cha kupoteza, atakuwa ameshazikwa nje ya kundi.

Hanna anakiri hapa, mbele yenu, kwamba alilitamani neno la mzee Sifaeli. Alilitamani sana. Lilikuwa karibu, na lilikuwa na ukweli ndani yake. Anataka kengele kwa ajili ya baba yake, anataka kwaya ya mama yake isimame imwimbie, na anataka kusimama na Rachel mwezi wa Desemba. Ana hasira pia na baba yake, hasira ambayo hakuna pa kuipeleka leo. Alichoshindwa ni kimoja tu: kumtia baba yake mdomoni, akiwa hawezi tena kujitetea, jibu ambalo alilikataa akiwa hai, mbele ya mke wake anayekufa.

Marehemu ameacha watoto wanne, Hanna, Nelson, Bariki na Lemburis, aliyemlea na kumsomesha, wajukuu tisa, shemeji yake Yoeli Mbise, rafiki yake Sifaeli, ambaye hakuzuiwa kuja na amekuja, mama yake Lemburis, ambaye ameketi hapa mbele, mahali pa mjane, kwa ombi la familia, na wanafunzi ambao hawahesabiki.

Sasa karatasi hii itawekwa chini, na maneno ya udongo kwa udongo yatasemwa na Hanna. Washarika wenzetu wenye dhamana kanisani, mnaoona ni vyema msihesabiwe kuwa mlikuwepo, rudini nyuma hadi kwenye migomba ile. Tutangoja mpaka mfike, na hakuna atakayegeuka kutazama nani amerudi. Watakaobaki, sogeeni karibu, kwa sababu Hanna hajawahi kuyasema maneno haya na sauti yake huenda isifike mbali.

Baba yetu apumzike kaburini mwake kwa amani, na asiulizwe tena.